Fuata Oda Moja kwa Miguu: Mwongozo kwa Mwenye Duka la Jumla Kariakoo

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya dukani inapokea ujumbe wa WhatsApp. Mteja wa Tunduma amepiga picha ukurasa wa daftari lake: sufuria seti 10, chupa za chai katoni 6, sahani dazani 20, "na ile ya siku ile, rangi ya bahari". Ujumbe unaishia na neno "leo". Kuanzia hapo mpaka mzigo uingie kwenye buti la basi, utapita mikononi mwa watu wangapi? Jibu kwanza, halafu endelea kusoma.

Wenye maduka wengi niliowauliza hutaja watatu au wanne. Ukihesabu vizuri utawakuta tisa: anayesoma ujumbe, anayepanga bei, anayehakikisha pesa imeingia, anayetoa risiti, mwenye ufunguo wa stoo, anayehesabu, anayefunga, kuli anayebeba, na mtu wa basi anayepokea. Winga, dalali anayekuletea wateja, sijamtia hapo. Kila mmoja anafanya kazi ndogo, na wengi wao wanaifanya vizuri. Oda hupotea, huchelewa au hukosewa wakati inatoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine.

Viwanda na makampuni makubwa yana fani nzima ya kupanga mikondo ya kazi ya namna hii, na ndani ya fani hiyo zipo njia mbili zisizofanana. Ya kwanza huanza na mfumo: kompyuta inaiambia kompyuta nyingine, mtu anakaa pembeni kusubiri taa iwake. Hiyo inaifaa benki inayohamisha fedha usiku. Ya pili huanza na mtu, kwa sababu inakubali kwamba kazi nyingi zinakwenda kwa watu kuulizana, kubembelezana, kukumbushana na kubadili uamuzi katikati ya njia. Kariakoo ni ya njia ya pili. Anayekuuzia programu ya njia ya kwanza hajawahi kumsikia mteja akisema "ile ya siku ile".

Siku ya kwanza: tembea, nyamaza

Chagua oda moja ya kweli, ya ukubwa wa kawaida. Usichague oda ya shemeji yako wala ya mteja mkubwa ambaye kila mtu humkimbilia. Ifuate mwenyewe tangu ujumbe unaposomwa hadi basi linapoondoka. Usimtume msimamizi, maana vijana watamwonyesha anachopenda kukiona. Wewe nawe watakuigizia nusu saa ya kwanza, kisha kazi itawazidi na watarudia hali yao.

Kwenye kila mkono andika mambo matatu: saa oda ilipofika, saa ilipotoka, na nani alilazimika kumuuliza nani kitu gani. Hilo la tatu ndilo lenye siri zote. Siku hiyo usirekebishe chochote. Ukiona kijana anapanga katoni vibaya, meza mate, labda kama zinataka kumwangukia mtu.

Duka moja la vyombo lililoniita nililisaidia hivyo hivyo. Kufunga mzigo kulichukua dakika ishirini. Kungoja jibu la bei kulichukua saa moja na robo. Bei alikuwa nazo bosi peke yake, kichwani, na bosi alikuwa kwenye simu na muuzaji wake wa Guangzhou. China wametutangulia saa tano, kwa hiyo saa tatu asubuhi ya Dar ni saa nane mchana kule, wakati mzuri wa kumkamata mtu wa kiwandani. Ndio wakati huo huo oda za mikoani zinapomiminika. Bosi alikuwa ananilalamikia kwamba vijana wake wazito. Nilimpa karatasi yangu ya saa, akaisoma mara mbili, akaagiza chai.

Kwa hiyo jiandae. Mara nyingi jiwe lililoziba mfereji ni mwenye duka mwenyewe.

Jioni waite wote uliokutana nao njiani, pamoja na kuli kama anapatikana, na uwasomee ulichoandika bila kutaja kosa la mtu. Waulize swali moja tu: ni wapi huwa mnasimama kumngoja mtu? Usiulize "nani anachelewesha". Swali la pili litakuletea kesi, la kwanza litakuletea ramani. Ichoreni palepale kwenye upande wa nyuma wa katoni iliyokunjuliwa, kwa kalamu ya rangi, na itundikeni stoo. Mchoro wa fundi wa kompyuta utapendeza zaidi, ila hakuna atakayethubutu kuukosoa.

Oda iwe na mwenyewe

Badiliko la kwanza halina gharama. Juu ya kila oda liandikwe jina la mtu mmoja: huyo ndiye mwenye oda tangu ujumbe ulipoingia hadi mteja ajibu "nimepokea". Hana kazi ya kubeba wala kufunga kila kitu. Kazi yake ni kujua mzigo uko wapi, na kuuliza unapokwama. Mteja akipiga simu kutoka Tunduma, anaongea na huyo, asipokelewe na watu watatu wenye majibu matatu.

Mwenye oda asibadilike katikati bila kukabidhi. Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Februari 2025, mkoa ulipozindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Duka likifanya kazi kwa zamu, oda ya saa kumi na mbili jioni itazaliwa mikononi mwa mmoja na kumalizikia kwa mwingine. Tenga robo saa ambayo zamu mbili zinakutana, wa kwanza akiwa bado yupo, na zisimame mbele ya mizigo yenyewe. Makabidhiano ya kwenye simu, "kila kitu kiko sawa kaka", hayana maana yoyote.

Ukiwa kwenye suala la zamu, hesabu pia saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na mapumziko ya dakika 60 kwa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Najua maduka mengi hayafuati. Nakuomba tu utazame daftari lako la makosa uone yanaandikwa zaidi saa ngapi. Kijana aliyefungua duka saa moja asubuhi na bado anahesabu dazani saa mbili usiku, hata mtoto wa darasa la pili atamzidi hesabu.

Mahali pa kuhesabia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pananihusu.

Nilipokuwa kijana wa stoo, katoni 12 zilitoka kwenda kwenye basi na zikafika 11. Mimi ndiye niliyehesabu, peke yangu, kwa kichwa, huku najibu simu. Kuli aliyebeba alikana. Bosi aligawa hasara katikati yetu na kukata kwenye malipo. Wiki tatu baadaye tulihamisha rafu, na ile katoni ya kumi na mbili ikaonekana nyuma yake, na vumbi juu. Haikuwahi kutoka stoo. Mimi nilirudishiwa changu. Kuli alikuwa ameshahama kijiwe, hakuna aliyemtafuta.

Kosa lile lilitokana na mpangilio: mtu mmoja, hesabu moja, hakuna karatasi. Dawa yake ni hii. Mzigo unapotoka stoo, wawili wanahesabu kwa sauti, anayetoa na anayepokea, na wa pili haanzi mpaka wa kwanza amalize. Idadi inaandikwa kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, nakala tatu: moja inabaki stoo, moja inakwenda dukani, moja inasafiri na mzigo. Kila katoni inaandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la mteja, mji, na namba kama 3/12, yaani ya tatu kati ya kumi na mbili. Kuli anasaini au anaweka alama yake, na anapewa nafasi ya kusema "nimeona kumi na moja" kabla hajainua chochote. Ukimnyima nafasi hiyo, saini yake ni mtego tu.

Usimsahau kuli katika ramani yako kwa sababu humlipi mshahara. Mtaa wenyewe umepata jina kutokana na wabebaji: Kariakoo ni Carrier Corps ya Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha wapagazi kilichobebeshwa risasi na chakula; wenyeji wakalitamka jina lake hadi likatoka hili tulilonalo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mizigo ya Kariakoo bado inakwenda kwa mabega, toroli na guta, na mbebaji bado ndiye wa kwanza kushukiwa.

Kuhusu kukata hasara kwenye mshahara, ile ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haikupi uhuru unaoudhani. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, awe amekubali makato kwa maandishi, awe amepewa sababu na nafasi ya kujitetea, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasipite robo ya ujira wake. Mimi ningeongeza: ukikata kila mara, utakuwa umewafundisha vijana kuficha. Chombo kilichovunjika kitarudishwa kwenye katoni yake na kufungwa vizuri, na mteja wa Songea ndiye atakayekipata.

Wape mipaka ya kuamua

Hakuna oda inayokwenda sawasawa na ilivyoandikwa. Rangi ya bahari imekwisha, imebaki ya kijani. Mteja amepungukiwa elfu arobaini. Mwingine anataka mali kauli kwa sababu amenunua kwako miaka sita. Hayo ndiyo biashara yenyewe. Mwongozo wa kazi usioyaweka ndani yake utafaa kwa ukaguzi, hautafaa kwa duka.

Kaa na vijana mwandike nani anaweza kuamua nini bila kukupigia simu. Kwa mfano: mwenye oda anaweza kubadilisha rangi baada ya kumtumia mteja picha na kupata jibu la maandishi, anaweza kupunguza bei hadi kiwango fulani ulichokitaja kwa shilingi, usikitaje kwa "kiasi kidogo", hawezi kutoa mali kauli, hiyo inabaki kwako na kwa mtu mmoja mwingine utakayemchagua. Bei za bidhaa zinazotoka kila siku ziandikwe kila Jumatatu, zisikae kichwani mwako.

Halafu linakuja jaribio lenyewe. Siku kijana atakapoamua jambo ndani ya mpaka uliompa, na uamuzi ukakuumiza, nyamaza mbele ya watu. Ukimgombeza hadharani mara moja tu, mipaka yote imekufa, kesho utapigiwa simu kuulizwa bei ya kijiko. Mweleze pembeni, au sogeza mpaka. Hapa ndipo nimeona wengi wanashindwa, na sijui njia rahisi.

Upande wa pili wa kuamua ni kusimamisha. Kwenye viwanda vya Toyota upo utaratibu maarufu: mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anakuja mara moja, na ikibidi mstari mzima unasimama. Hakuna kamba Kariakoo, na basi la Mbeya halingoji. Hata hivyo kijana wa stoo apewe neno moja, mkubaliane nalo, ambalo akilitamka mzigo haufungwi mpaka mwenye oda afike. Kwenye duka moja wanasema "ngoma nzito". Wengine watatafuta lao. Muhimu ni kwamba anayelitamka asiulizwe kwanza kwa nini anachelewesha.

Stoo

Wajapani hao hao wametuachia kitu kingine, na hiki kimeshapata Kiswahili chake. Utaratibu wa kupanga mahali pa kazi unaojulikana kama 5S uliingia kwenye hospitali zetu kuanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, na Wizara ya Afya ikautafsiri kwa maneno matano yanayoanza na S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ukienda hospitali ya serikali yaelekea utayaona ukutani. Chukua hayo mawili ya kwanza, yatakutosha kwa mwaka.

Kusasambua ni kutoa kila kilichokufa. Stoo ya Kariakoo inalipiwa kodi kubwa, na bado ndani yake kuna mzigo ulioagizwa miaka minne iliyopita, uliokataliwa na soko, unaolala mbele ya mzigo unaotoka kila siku. Uuze kwa hasara, machinga wataununua. Kuseti ni kuweka kila kitu mahali pake kwa kumfikiria anayekichukua: kinachotoka sana kiwe karibu na mlango na kwenye usawa wa kiuno, kizito kisiwe juu. Anayejua hayo ni kijana wa stoo, kwa hiyo apange yeye, wewe ubebe.

Beda Amuli, msanifu wa jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alilifahamu hili. Aliweka shimoni kwa biashara ya jumla na juu kwa rejareja, akafunika kwa paa za zege mithili ya miavuli mikubwa, zinazopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Moto wa Julai 10, 2021 uliliharibu vibaya. Ni jengo lililochorwa na mtu aliyejiuliza kwanza gunia linatoka wapi, linakwenda wapi na nani analibeba. Stoo nyingi zilizolizunguka zimepangwa na aliyekuwa na haraka ya kushusha kontena.

Pesa, risiti, na aliye barabarani

Anayehakikisha malipo aangalie akaunti au simu ya lipa namba ya duka. Asisome ujumbe kwenye simu ya mteja wala picha ya muamala aliyotumiwa. Ujumbe wa kughushi ni wa zamani kama huduma yenyewe. Kazi hiyo iwe ya mtu mmoja kwa zamu, na asiwe yule anayefunga mzigo.

Mashine za EFD za kutolea risiti zipo tangu 2010, lakini maduka mengi bado yanaichukulia risiti kama jambo la mwisho, atoe aliye karibu na mashine. Iweke katikati ya mkondo: bila risiti, ufunguo wa stoo hauzunguki. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja, wakafunga tena Juni 2024, na mambo ya kodi na ukaguzi yalikuwa mbele katika malalamiko yao. Mengi yalikuwa ya haki. Lakini ukituma mzigo bila risiti, wa kwanza kusimamishwa barabarani ni dereva wa guta au wa kirikuu, ambaye hana faida kwenye mzigo huo na hajui hata kilichomo. Umemkabidhi kesi yako kwa nauli ya elfu kumi.

Kuhusu winga: kama analeta wateja, mwingize kwenye ramani. Kubalianeni cha juu kinaandikwa wapi na kinalipwa lini. Winga asiyeandikwa atajitengenezea bei mwenyewe mbele ya mteja wako, na mteja atasema duka ndilo lina bei mbili.

Programu, mwishoni

Fanya haya yote kwa karatasi miezi miwili. Ndipo utakapojua unataka kununua nini. Ukimwita muuza programu kabla ya hapo, atakuuliza "mchakato wako ukoje?" na wewe utamweleza ule wa watu wanne.

Utakapofika wakati wa kununua, mpe simu kijana mwenye elimu ndogo kuliko wote dukani na umwache aingize oda moja bila msaada. Tazama kama kuna mahali pa kuandika kwa maneno yake kwa nini oda imekwama; programu yenye vitufe vya "tayari" na "bado" tu itakudanganya kwa heshima. Hadi hapo, simu moja ya oda, isiyo ya mtu binafsi, yenye kundi moja la WhatsApp ambalo salamu za asubuhi na picha za harusi haziruhusiwi, inafanya kazi kubwa.

Kamera weka kwa ajili ya mlango na mizigo, na uwaambie watu zilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mfanyakazi wako pamoja na namba ya simu ya mteja wako ni taarifa binafsi. Kutuma kwenye makundi ya mtaa kipande cha video cha kijana unayemshuku, kama ilivyo kawaida siku hizi, kunaweza kukugharimu kuliko katoni iliyopotea.

Lini uanze

Usianze mwisho wa mwezi, wala wiki kontena linapotoka bandarini, wala Ramadhani inapokaribia Idi. Chagua Jumanne ya wiki ya kawaida. Nunua kitabu cha kaboni na kalamu mbili za wino mzito. Mwambie mtu mmoja ajibu simu ya Guangzhou badala yako asubuhi hiyo, vaa viatu vya kutembelea, simama nyuma ya kijana anayesoma ujumbe wa kwanza, na uandike saa.